Sataranji Iliyotoshea Kwenye Baiti 672

Mwaka 1982 Mwingereza mmoja aitwaye David Horne aliandika programu ya sataranji yenye baiti 672. Si kilobaiti, wala si megabaiti: baiti 672 kavu. Programu yenyewe inaitwa 1K ZX Chess na iliandikiwa kompyuta ndogo ya nyumbani iitwayo Sinclair ZX81. Inajua jinsi kila kete inavyotembea, inakataa ukikosea kanuni, na ina mpinzani anayecheza upande wa pili. Baiti moja ni herufi moja ya maandishi ya kawaida, kwa hiyo anayetaka kuiona 672 kwa macho yake ahesabu herufi za aya hii, nafasi na nukta zikiwemo. Atakuta aya, ambayo haijui hata farasi anarukaje, tayari imetumia nafasi kubwa kuliko sataranji nzima ya Horne. Na mimi ni mtu ninayejitahidi kuandika kwa ufupi, ingawa wanaonifahamu watacheka wakisoma sentensi hii.

Wengi wanaoitaja programu hii huitaja kwa ajili ya rekodi. Kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa ndiyo sataranji ndogo kuliko zote kwenye kompyuta yoyote, na rekodi ni kitu kizuri cha kusimulia. Mimi navutiwa zaidi na kilichoachwa nje. Mtu anayefunga mzigo mdogo hukueleza mengi kwa vile alivyoviacha nyumbani, na Horne aliacha vitu vitatu. Nitavifikia, kwanza mashine.

ZX81 ilizinduliwa Machi 1981 na kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge. Ikiwa imeshaunganishwa iliuzwa pauni 69.95, aliyekuwa tayari kupiga solda mwenyewe nyumbani alilipa pauni 49.95 akapewa vipande. Kiwanda kilikuwa cha Timex, wale wa saa, mjini Dundee huko Scotland. Haikuwa na sauti wala rangi. Kibodi yake ilikuwa bapa kabisa, karatasi ya plastiki iliyochorwa vitufe, na kidole hakikuhisi kitu kikibonyea. Uliichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, na programu ulizihifadhi kwenye kaseti za kawaida kwa kinasa sauti cha kawaida. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa familia nyingi za Uingereza hiyo ndiyo ilikuwa kompyuta ya kwanza kuingia nyumbani, na ilipatikana hata kwenye maduka ya WH Smith, pale watu walipozoea kununua magazeti na vitabu.

Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti moja, yaani baiti 1,024. Aliyetaka zaidi alinunua kijisanduku cha kilobaiti 16 cha kuchomeka nyuma, na mwanzoni kilikuwa pauni 49.95, bei ileile ya kompyuta nzima ya kujiungia. Ukiisha kukinunua, unatakiwa usiiguse meza. Kikitikisika kidogo tu pale nyuma, mashine inapoteza kila kitu, na kama hukuwa umehifadhi kwenye kaseti unaanza upya. Nalisema hili mapema kwa sababu ndiyo sababu ya programu yetu kuwepo. Sataranji kwa ZX81 yenye kilobaiti 16 ilikuwa inauzwa tayari. Horne aliandika kwa ajili ya yule mwingine, aliyeishia kwenye pauni 69.95.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo penye utamu. Katika zile baiti 1,024, 125 za mwanzo ni za mashine yenyewe: inaandika humo kitufe gani kimebonyezwa, programu inaishia wapi, skrini inaanzia wapi. Zinabaki 899. Halafu kuna skrini. ZX81 haikuwa na kumbukumbu ya pekee kwa ajili ya picha. Kilichoonekana kwenye televisheni kilikaa ndani ya kumbukumbu ileile ya programu, kila herufi baiti moja. Skrini kamili ni mistari 24 ya herufi 32, kila mstari una baiti moja ya kuufunga, na ipo moja ya kufungulia ukurasa. Jumla 793. Toa kwenye 899 uone: zimebaki 106. Mtu akiijaza skrini yake, hana tena mahali pa kuweka programu ya kuitumia hiyo skrini.

Wahandisi wa Sinclair waliliona hilo wakaweka ujanja. Mashine ikijikuta na kumbukumbu ndogo, mstari mtupu haupewi baiti 32. Unapewa ile moja ya kufungia, basi. Skrini inanenepa kadiri unavyoiandikia. Ubao wa sataranji una miraba minane kwa minane, herufi 64, kwa hiyo unakaa pembeni mwa skrini bila kuidai mashine mistari mizima. Kete ni herufi za Kiingereza: K mfalme, Q malkia, R ngome na kadhalika. Za upande wa pili ni herufi zilezile zilizogeuzwa rangi. Kwenye ZX81 tofauti ya herufi ya kawaida na iliyogeuzwa ni biti moja tu kati ya nane za baiti ileile. Maana yake herufi iliyo kwenye televisheni tayari imeshasema yote mawili: hii ni kete gani, na ni ya nani. Ukiwa na baiti za kuhesabu kwa vidole, kuweka ubao wa pili uliofichwa kwa ajili ya kufikiri ni anasa.

Na kufikiri kwenyewe kulikuwa kwa kugawana. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, Z80 iendayo megahezi 3.25, ndiyo iliyokuwa ikichora picha ya televisheni kwa mkono wake. Karibu robo tatu ya muda wake iliishia huko, na robo iliyobaki ndiyo ilifanya kazi uliyoitumia pesa. Mwandishi wa programu angeweza kuiamuru iache kuchora ili ifanye haraka, lakini hapo televisheni ilizimika hadi hesabu iishe.

Wanaoandika msimbo wa mashine wa Z80, yaani amri za namba ambazo prosesa huzifuata moja kwa moja, wanaujua ubahili huu kwa undani. Kuruka kwenda popote kwenye kumbukumbu kunagharimu baiti tatu; kuruka karibu, mbili. Kwa hiyo unapanga vipande vya programu yako viwe majirani, ili viitane bila nauli kubwa. Tena sataranji yenyewe, ukiitazama kwa jicho la bahili, ina ukarimu. Malkia na mfalme wana pande nane zilezile. Mmoja anaendelea kwenda, mwenzake anasimama baada ya mraba mmoja. Nne kati ya hizo ni za ngome na nne zilizobaki ni za askofu. Orodha moja fupi ya namba inazihudumia kete nne. Na ukishaandika kipande kinachojibu swali "mraba huu unashambuliwa?", unaweza kukiuliza kuhusu mfalme ujue kama ametishiwa, ukakiuliza kuhusu farasi ujue kama anakaribia kuliwa, na kuhusu mraba unaotaka kwenda ujue kama huko kuna salama. Anayetaka kujifunza programu ina maana gani kuwa fupi na bado ieleweke, asome sataranji za mashine ndogo kabla ya kusoma kitabu chochote cha nadharia.

Sasa vile vitatu vilivyoachwa. Cha kwanza ni ile hatua ya mfalme kupishana na ngome yake ili ajifiche pembeni. Cha pili ni askari kumla askari mwenzake njiani, yule aliyeruka miraba miwili akidhani amepita. Cha tatu ni askari kupandishwa cheo akifika mstari wa mwisho. Hivyo vitatu havimo.

Maelezo ya kawaida ni kwamba nafasi iliisha. Ni kweli, lakini hayatoshi. Nafasi ikiisha unaweza kukata chochote. Kwa nini hivi? Tazama viwili vya kwanza. Nikikuonyesha picha ya ubao katikati ya mchezo, mfalme kwenye mraba wake, ngome kwenye mraba wake, katikati hamna kitu, huwezi kuniambia kama wanaruhusiwa kupishana. Labda mfalme alitoka hatua moja zamu kumi zilizopita akarudi, na ruhusa imekufa. Vivyo hivyo na kumla askari njiani: ruhusa ni ya zamu moja tu, mara baada ya ule mruko, na picha haionyeshi askari yule amefika pale sasa hivi au tangu asubuhi. Kanuni nyingine zote za mwendo zinatazama ubao ulivyo. Hizi mbili zinauliza habari za jana.

Programu za kisasa zinalijua hili vizuri. Zinapoandika hali ya mchezo kwa maandishi, kwa mtindo uitwao FEN, haziishii kwenye orodha ya kete. Zinaongeza sehemu ya kusema nani bado ana ruhusa ya kupishana na ngome, sehemu ya mraba ambapo askari anaweza kuliwa njiani, na hesabu ya zamu tangu askari asogee au kete iliwe, kwa ajili ya ile kanuni ya sare ya zamu 50. Mambo yote hayo ni ya historia. Ni machache, biti chache tu, lakini mtu lazima ayatunze, ayafute wakati wake, na ayaangalie kila zamu, na hiyo kazi ya kutunza ndiyo inayokula baiti kuliko taarifa yenyewe. Mashine isiyo na kumbukumbu, basi, ilipoteza kwanza kanuni zinazohitaji kukumbuka. Kwangu mimi huo ni mkato safi kabisa. Kilichobaki ni sataranji ya sasa hivi: ubao huu, zamu hii.

Nilipofikia hapo nikajiuliza, kwa sababu siwezi kujizuia, bao letu lingekuwaje. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kumi ubaoni, sita zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni zamu kwa zamu. Kete ni kete, hakuna farasi wala askofu, kwa hiyo hakuna orodha za miendo. Shimo moja baiti moja, na kusambaza ni kitanzi kifupi, amri chache zinazorudiwa. Kanuni za kunamua na za mtaji zingekula baiti zake, lakini naamini kwa kuhifadhi tu, bao lingekaa vizuri kuliko sataranji. Hata hivyo nalo lina jana yake: nyumba ikishavunjwa si nyumba tena, hata shimo lile likijaa kete upya, na hilo halionekani kwa kuhesabu kete. Biti mbili, moja kwa kila mchezaji. Kazi ingekuwa kwenye kufikiri, maana ili ujue zamu inaishia wapi huna budi kuisambaza hadi mwisho, raundi baada ya raundi, kisha urudishe kete zote ulipozitoa. Sijui kama Z80 yenye robo ya muda wake ingenivumilia. Tuliache.

Kanuni ya tatu haihusu historia. Askari amefika mwisho, ubao unaonyesha amefika, hakuna cha kukumbuka. Kinachotakiwa ni kete kugeuka kuwa kete nyingine, na mchezaji kuulizwa anataka ipi. Hiyo imekatwa kwa ubahili mtupu, na hapa ndipo nagombana na Horne kidogo. Mfalme kutopishana na ngome nakubali. Anakaa katikati, mchezo unakuwa mkali mapema, si vibaya. Kula njiani hutokea mara chache. Lakini cheo ndicho kinachompa askari thamani. Kiondoe, na sehemu nzima ya mwisho ya sataranji inaporomoka. Mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme peke yake, somo la kwanza kabisa la kila kitabu cha michezo ya mwisho, linakuwa sare bila hata kulicheza. Ile sanaa ya wafalme kusimama ana kwa ana wakizuiana njia haina tena maana, kwa sababu hakuna anayekwenda popote. Askari aliye mbali mbele, ambaye kwenye sataranji ya kweli anamnyima mpinzani usingizi, hapa anatembea hadi ukutani na kusimama.

Hakuwa wa kwanza kukata. Mwaka 1956, katika maabara ya Los Alamos huko Marekani, wanasayansi waliiandikia kompyuta yao MANIAC I sataranji iliyopunguzwa. Wao waliukata ubao wenyewe ukawa miraba sita kwa sita, wakawaondoa maaskofu wote, hata watu wakaitania kwamba ni sataranji inayopinga dini. Kupishana na ngome hapakuwepo, wala askari kuruka miraba miwili, na kwa hiyo hata kuliwa njiani. Lakini cheo walikiacha. Programu ile ilimshinda mtu aliyekuwa amejifunza sataranji wiki moja tu kabla, kwa hatua 23, na huo unahesabiwa kuwa ushindi wa kwanza wa kompyuta dhidi ya binadamu kwenye mchezo wa aina hii. Mtu hujikuna ajipatapo. Los Alamos walikuwa na mashine ya kujaza chumba, wakatoa sadaka umbo la mchezo wakabakiza ndoto ya askari; Horne alikuwa na mashine ya kubeba kwapani, akabakiza umbo lote akatoa ndoto. Ukiniuliza ni ipi inayofanana na sataranji zaidi unapoitazama, nitasema ya Horne. Unapoicheza hadi mwisho, ya Los Alamos.

Na inachezaje? Siitetei. Nimeicheza kwenye emyuleta, programu inayoiga ZX81 kwenye kompyuta ya leo, usiku mwingi kuliko inavyostahili. Inazipima hatua zilizopo, inazipa alama, inaichukua yenye alama kubwa. Ukiacha kete bila ulinzi inaila, na mara ya kwanza inashangaza kidogo kuliwa na kitu kidogo namna hiyo. Lakini haina "halafu?". Farasi wako akikaribia mahali ambapo zamu ijayo atawatishia malkia na ngome kwa mpigo mmoja, haioni chochote, kwa sababu tishio bado halijakuwepo ubaoni. Mchezaji wa kawaida wa kijiweni ataifunga bila kuweka kikombe cha kahawa chini. Ili usiionee, kumbuka kwamba mwaka 1983 kompyuta ya Belle, iliyojengwa na Ken Thompson na Joe Condon katika maabara za Bell, ilipata daraja la umasta nchini Marekani, ikipima hali za ubao kama 160,000 kwa sekunde. Belle ilikuwa na vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya sataranji tu. Mtoto wa mji wa Uingereza kama Hull au Birmingham hangeweza kuiomba kama zawadi ya Krismasi.

Sataranji ya Horne angeweza kuipata. Kampuni ya Artic Computing iliiuza 1K ZX Chess kwenye kaseti, na Februari 1983 jarida la Your Computer likachapisha programu nzima kurasani. Hii ilikuwa desturi ya wakati ule: ulinunua jarida, ukakaa na kuingiza programu kwa vidole vyako. Kwa BASIC, lugha rahisi ya kuandikia programu, kosa lako huonyeshwa. Kwa msimbo wa mashine ni mfululizo wa namba tupu, na ukikosea moja mashine haikuambii kitu. Inaganda, unachomoa umeme, unaanza. Baiti 672 si nyingi za kusoma, lakini jaribu kuziingiza kwenye kibodi ya plastiki bapa ambayo haikuhakikishii kama umebonyeza. Waliofanya hivyo walipata kitu ambacho mnunuzi wa kaseti hakukipata: programu nzima imepita mikononi mwao namba kwa namba, na maelezo ya mwandishi yako pembeni.

Januari 2015 Mfaransa Olivier Poudade akatoa BootChess, baiti 487, na rekodi ikahama. Baadaye wengine wamepunguza zaidi. Nawaheshimu, kazi ni kazi, lakini naona ni mchezo mwingine. Poudade alikuwa na kompyuta yenye mabilioni ya baiti akaamua kutumia chini ya zile 512 za sehemu ya kuwashia diski. Alijiwekea ukuta mwenyewe, kwa raha ya kuupanda. Ukuta wa Horne ulikuwa umejengwa na Sinclair na kuuzwa dukani, na nyuma yake walikuwa watu halisi waliotaka kucheza sataranji kwa mashine waliyoweza kuilipia. Ningekuwa mimi ninayetunza orodha za rekodi, ningeziweka kwenye kurasa tofauti.

Kaseti za ZX81 zimeshageuzwa kuwa mafaili siku nyingi, na zipo emyuleta zinazofanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Ukiijaribu, usipange mchezo wa kusukuma askari ukitarajia malkia wa pili, hatakuja. Kula unachopewa, linda ngome zako zote mbili, kisha zipande mstari kwa mstari hadi mfalme wake akose pa kwenda. Emyuleta nyingi zina namna ya kuongeza mwendo. Itakusaidia, ila hatua chache za kwanza zicheze kwa mwendo wa 1982, na ukiona imekaa kimya usidhani imeganda. Iko kwenye ile robo yake.